Uchaguzi wa Kamere Huisha Mwezi wa Nne

Kila baada ya miaka mitano, mwezi wa nane, tunaamka saa kumi alfajiri, tunapanga foleni kwenye baridi, tunapakwa wino kidoleni, tunapiga picha ya hicho kidole na kuiweka kwa status. Halafu tunaambiana tumechagua viongozi. Ukweli ni kwamba sisi wa Kamere, kama wenzetu wa Kwa Muhia na Karagita na kote huku South Lake Road, huwa tunapiga muhuri tu. MCA alishachaguliwa mwezi wa nne. Mbunge vilevile. Gavana vilevile. Walichaguliwa kwenye mchujo wa chama kimoja, na siku hiyo wengi wetu tulikuwa kazini kwa maua, ama tumekaa base tukisema, "Hayo ni mambo yao, hicho si chama chetu."

Nasema hivi, na najua nitawaudhi watu wa kila chama: kama unaishi mahali ambapo tiketi ya chama kimoja ndiyo uchaguzi wenyewe, ingia kwenye hicho chama kwa mlango wa mbele, jiandikishe kwa jina lako, upige kura kwenye mchujo wake. Si lazima ukipende. Si lazima uvae kofia yao wala ucheze wimbo wao. Mwezi wa nane ukifika, kura ni siri, mpe unayemtaka.

Angalia rekodi yetu. Mwaka 2013 Nakuru ilimchagua Kinuthia Mbugua kuwa gavana na James Mungai kuwa seneta, wote wa TNA. Mwaka 2017 ikawa Lee Kinyanjui gavana na Susan Kihika seneta, wote wa Jubilee. Mwaka 2022 ikawa Susan Kihika gavana na Tabitha Karanja seneta, wote wa UDA. Kiti cha ubunge cha Naivasha ni hadithi hiyo hiyo: John Kihagi na TNA 2013, Jayne Kihara na Jubilee 2017, Jayne Kihara tena na UDA 2022. Chaguzi tatu, majina matatu ya vyama, na kila mara aliyeshika tiketi yenye wimbi ndiye aliyeapishwa.

Mtazame Lee Kinyanjui peke yake. Mwaka 2017 alimwangusha gavana aliyekuwa kitini. Hakumwangusha mwezi wa nane. Alimwangusha kwenye mchujo wa Jubilee, na baada ya hapo yaliyobaki yalikuwa sherehe. Mwaka 2022, akiwa na miaka mitano ya kazi ya kuonyesha, alibaki Jubilee wakati wimbi lilikuwa limehamia UDA. Kihika akapata zaidi ya kura 440,000, yeye karibu 225,000. Mtu ni yule yule na kaunti ni ile ile. Kilichobadilika ni tiketi. Sasa wewe unayengoja mwezi wa nane ndio uamue nani anafaa, utaamua nini hasa?

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 1969, baada ya KPU kupigwa marufuku, mchujo wa KANU mwezi wa Desemba ndio uliokuwa uchaguzi mkuu, na wabunge wengi walipoteza viti vyao hapo. Mwaka 1988 mambo yakawa mabaya zaidi. Ilikuwa mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya mwaniaji ama picha yake, wanachama wa KANU peke yao, na aliyetangazwa kuwa na zaidi ya asilimia 70 akaingia bungeni moja kwa moja bila kura ya siri. Wazee wetu walipigania vyama vingi kwa sababu ya mambo kama hayo. Vyama vingi vikaja, na tunashukuru. Lakini sehemu nyingi za nchi hii bado zina chama kimoja kimoja kwa zamu. Huku ni hiki, Nyanza ni kile, na ndani ya kila ngome hesabu ni ile ya 1969: kura inayouma ni ya mchujo.

Sasa fikiria Kamere ni mahali gani. Hapa watu walifuata kazi. Wapo waliotoka Siaya, Kakamega, Bungoma, Kisii, Turkana, Nyandarua, Baringo. Ploti moja ya mabati yenye vyumba kumi inaweza kuwa na lugha tano. Tunachota maji kwenye bomba moja, na ni maji ya Bonde la Ufa yenye floridi inayochafua meno ya watoto wa kila kabila bila ubaguzi. Tunapanda matatu zile zile, tunanunua samaki pale pale ufuoni. Lakini siasa ikianza, nusu ya ploti inaambiwa haihusiki. Mwenye asili ya Siaya anaambiwa chama chake ni ODM, na ODM haijawahi kuchukua ugavana wa Nakuru. Basi anafanya moja kati ya mambo mawili: anasafiri kupiga kura nyumbani, ama anabaki hapa, anapiga kura yake mwezi wa nane, inahesabiwa, inaandikwa, na haibadilishi kitu.

Mwaniaji anajua hesabu hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana mkutano unaweza kuanza kwa Kiswahili, mzungumzaji akasalimia watu wote vizuri, akasema sisi ni ndugu, halafu yakija mambo yenyewe, barabara itapita wapi, basari atapewa nani, lugha ikabadilika na nusu ya umati ikabaki ikitazamana. Si kwamba wote wana chuki. Anaongea na watu watakaompa tiketi. Wewe kwake ni msikilizaji tu, kwa sababu mwezi wa nne haupo.

Weka mfano wa hesabu, si takwimu za mahali popote. Wadi ina wawaniaji sita wa MCA wanaotafuta tiketi ya chama chenye wimbi. Watu 4,000 wanajitokeza kwenye mchujo. Kura zikigawanyika, mtu anaweza kushinda na 1,100, akamwacha wa pili kwa 60. Mtaa mmoja ukitoa watu 200 walioandikishwa vizuri, wanaojua wanataka nini, hao ndio wanaoamua. Watu 200 haohao mwezi wa nane ni tone ziwani. Na MCA si kiti kidogo. Yeye ndiye anayekaa Nakuru wakati bajeti ya kaunti inapitishwa, ndiye anayejua taa za barabarani zitawekwa wapi na zahanati itapata dawa lini.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo wacha niyachukue moja moja.

La kwanza: "Huo ni unafiki. Unajiungaje na chama usichokiamini?" Swali zuri, na halijibiwi kwa kucheka. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inasema huwezi kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na ukijiunga na kingine unahesabiwa umejiuzulu kile cha kwanza. Na tangu marekebisho ya Januari 2022, mchujo wa moja kwa moja ni wa walio kwenye sajili ya wanachama iliyothibitishwa na Msajili wa Vyama. Kwa hivyo kuna gharama: ukiingia huku, umetoka kule. Hutapiga kura kwenye mchujo wa chama chako cha moyoni. Mimi naona hapo ndipo heshima ya jambo hili ilipo. Hujafoji kitu, hujapiga kura mara mbili. Umechagua mlango mmoja. Wakili akijiunga na chama kwa sababu anataka kiti tunamwita mwanasiasa. Wewe mfunga maua ukijiunga kwa sababu unataka maji safi, mbona uitwe mnafiki?

Na imani ya chama ni kitu gani huku kwetu? TNA ilizaliwa, ikamezwa na Jubilee, Jubilee ikamwaga watu wake UDA, na viongozi wakahama nayo kila safari bila kufunga virago vyovyote vya itikadi. Mwenye chama hana deni la uaminifu kwa jina la chama. Wewe mpiga kura ndiye unayedaiwa?

La pili: "Huo ni uvamizi. Wanachama halisi wanaibiwa uamuzi wao." Hapa nasimama kidogo, kwa sababu chama ni cha wenyewe na watu wana haki ya kukutana na wanaofikiri kama wao. Lakini klabu ya kibinafsi haili kodi. Sheria imeweka Hazina ya Vyama vya Kisiasa isiyopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na vyama vikubwa ndivyo vinavyofaidi. Chai unayonunua, salio unaloweka kwa simu, PAYE inayokatwa kwenye mshahara wa maua, vyote vina sehemu hapo. Halafu kuna lile la Juni 2021. Wakenya walipoanza kuangalia majina yao kwenye eCitizen, wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Vyama vilikuwa vinajaza sajili kwa majina na namba za vitambulisho vyetu bila kutuuliza. Wakituandikisha wao bila ruhusa, sisi ni idadi. Tukijiandikisha wenyewe kwa hiari, sisi ni wavamizi. Hapana, hiyo haingii akilini.

Tena si kwamba milango ilikuwa imefungwa siku zote. Mwaka 2017 Jubilee ilizindua kadi za kisasa za wanachama kwa mbwembwe, lakini mchujo ulipofika ikaamua kutumia daftari la wapiga kura la IEBC. Ukiwa na kitambulisho na jina lako limo, unapiga kura. Wakubwa walitaka umati mkubwa. Umati ukiwafaa ni demokrasia. Usipowafaa ni njama.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, na linatoka upande wetu: "Basi twende tumchague mbovu wao, ili wetu amshinde kirahisi mwezi wa nane." Wasee wengi wa mitandao wanafikiri hii ndiyo akili. Ni ujinga, na huku Nakuru ni ujinga maradufu. Ujanja huo unahitaji mahali ambapo mbovu anaweza kushindwa. Hapa tiketi yenye wimbi haishindwi. Ukimpa mbovu tiketi kwa mzaha, umempa kiti kwa kweli. Utakaa na mzaha wako miaka mitano, ukimwomba basari.

Hata kule ambako vyama vinapokezana, ujanja huo huwageuka wenyewe. Mwaka 2015 chama cha Labour cha Uingereza kiliruhusu mtu yeyote kulipa pauni 3 na kupiga kura ya kumchagua kiongozi wake. Gazeti la Telegraph, ambalo ni la upande wa Conservative, likawahimiza wasomaji wake walipe hizo pauni wamchague Jeremy Corbyn, wakiamini atakiua chama. Corbyn alishinda, na ingawa angeshinda hata bila wao, walishangilia. Miaka miwili baadaye, uchaguzi wa 2017, Labour ya huyo Corbyn ikapata asilimia 40 ya kura na Theresa May akapoteza wingi wake bungeni. Waliocheka 2015 hawakucheka usiku huo.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja na haina kona: kwenye mchujo wa watu, mpe kura yule ambaye ungekuwa radhi akutawale. Ukiingia kwa ajili ya kuharibu, wenye chama wana haki ya kukuita mvamizi, na mimi nitawaunga mkono. Ukiingia kutafuta aliye bora kati ya wao, umewafanyia hata wao hisani.

La nne: "Mchujo wenyewe huwa umeibwa. Tiketi inatoka Nairobi." Mara nyingi ni kweli. Aprili 21, 2017, mchujo wa Jubilee ulivurugika kaunti nyingi, karatasi za kura hazikutosha, na katibu mkuu Raphael Tuju akatangaza kuufuta urudiwe. Sheria pia inakiruhusu chama kutumia wajumbe badala ya wanachama wote, na wajumbe ni rahisi kuwafungia hotelini. Lakini katika mchujo huo huo wa 2017, uliporudiwa, Kiambu ilimwondoa gavana William Kabogo aliyekuwa na pesa na serikali ya kaunti mkononi. Ferdinand Waititu alipata kura zaidi ya 353,000, Kabogo hakufika 70,000. Pengo kama hilo halifutiki kwa simu ya usiku. Wizi huhitaji kura chache na watu wachache wa kuangalia.

Na mfano huo wa Kiambu una upande wa pili, ambao ndio unaonifanya niandike haya. Waititu alipopata tiketi, kiti kilikuwa kimekwisha. Kabogo alijaribu kama mgombea huru mwezi wa nane, akashindwa. Januari 2020 Seneti ikamng'oa Waititu kwa tuhuma za ufisadi. Mtu wa Kiambu aliyemwona hafai tangu mwanzo, lakini mwezi wa nne akakaa nyumbani kwa sababu yeye si wa Jubilee, alisimama wapi? Alilipa bili pamoja na wengine wote.

La tano halisemwi kwa sauti: hofu. Mtu anajiuliza, nikionekana kwenye foleni ya chama cha kabila lingine, jirani atasema nini? Mwenye ploti je? Hofu hii ina historia na sitaifanyia mchezo. Januari 2008 Naivasha watu waliwindwa kwa majina yao, na katika nyumba moja mtaa wa Kabati watu 19 walichomwa wakiwa ndani. Waliobaki huku South Lake Road wanakumbuka malori ya kuhamisha watu. Sisemi kura ya mchujo ingezuia yale. Nasema siasa ya "hiki ni chetu, kile ni chenu" ndiyo iliyoandaa uwanja, na sisi bado tunaifagilia uwanja huo kila tunapokubali kwamba mchujo wa huku hautuhusu. Mwanasiasa ambaye tiketi yake inategemea vilevile mama Mluhya, boda wa Kisii na mzee wa Nyandarua atapima maneno yake kwa Kiswahili kuanzia mwanzo wa mkutano hadi mwisho. Kama unaona hali ya mtaa wako si salama, kaa nyumbani bila aibu. Lakini usiseme hakuna njia. Sema njia ina hatari, ili tuidai iwe salama.

Kuhusu 2027, mtu ataniambia mawimbi sasa ni mawili. Kweli. UDA iko serikalini, na Rigathi Gachagua, baada ya kung'olewa unaibu rais Oktoba 2024, alizindua DCP Mei 2025 na anaililia kura hii hii ya kwetu. Huenda Agosti ikawa na ushindani huku kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ikiwa hivyo, vizuri sana, uchaguzi mkuu utakuwa uchaguzi. Lakini wimbi huwa linajionyesha mapema, na mtu wa Kamere hujua kabla ya mtu wa Nairobi. Ukisikia wawaniaji wanane wa MCA wanagombania kofia ya rangi moja, ujue tiketi iko wapi.

Kungoja mpaka siku yenyewe hakutakusaidia. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kuwasilisha orodha za wanachama kufikia Machi 26, wiki chache tu kabla ya mchujo. Ambaye hakuwa kwenye orodha kufikia hapo, kisheria alikuwa mtazamaji. Kwa hivyo kazi yenyewe ni ya mapema na haina raha: ingia eCitizen leo uangalie umeandikishwa chama gani, huenda ukashtuka. Kama umewekwa mahali hukujiweka, jiondoe. Hamisha kura yako uilete unapoishi, kwa sababu maji mabaya unakunywa hapa. Ikifika mwanzo wa 2027, kaeni chini kama ploti, kama base, kama chama cha akina mama, mwaite kila mwaniaji wa tiketi yenye wimbi, mmwulize kuhusu maji, taa na ufuo wa umma kwa Kiswahili, kisha mwamue pamoja. Na mkidai kitu kimoja kwa chama chochote, dai mchujo wa moja kwa moja, si wa wajumbe.

Wale wanaotuambia tusubiri mwezi wa nane ni wale wale ambao jina lao hutoka mwezi wa nne. Wao hawasubiri. Siku ya mchujo, omba ruhusa kazini ama ubadilishane zamu na mwenzako, uende.